1844, Ellen White na uamuzi wako: misimamo mitatu kuhusu unabii wa Kiadventista

Je, Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, alikuwa nabii wa kweli, na mwaka 1844 ulitimiza unabii wa Biblia kama kanisa hilo linavyofundisha? Swali hili huwafikia watu kwa njia mbalimbali. Kuna aliyezaliwa katika familia ya Wasabato huko Kisii au Same, akakua akisoma lesoni (somo la Biblia la kanisa) kila wiki, kisha akakutana mtandaoni na orodha ndefu ya makosa yanayodaiwa kuwa ya Ellen White. Kuna aliyehudhuria efoti, yaani mikutano ya injili, akaguswa na mahubiri ya Danieli na Ufunuo, na sasa mchungaji anamuuliza kama yuko tayari kubatizwa. Kuna pia anayetaka kuoa au kuolewa katika familia ya Wasabato, na wakwe wanasubiri jibu.

Ukiuliza, utasikia kelele za pande mbili: huyu anakuambia yule mama ni nabii na mjadala umefungwa, yule anakuambia ni tapeli. Watu waliokaa na suala hili kwa miaka wana misimamo mitatu, na yote inastahili kusikilizwa. Wa kwanza ni kupokea kama kanisa linavyofundisha: mwaka 1844 ni tarehe ya kinabii, na Ellen White alikuwa na karama ya kweli ya unabii. Wa pili ni kupokea kwa kuchuja: Mungu alimtumia, lakini maandishi yake yapimwe kama ya mwanadamu mwingine, na tarehe ya 1844 isibebeshwe mzigo. Wa tatu ni kukataa dai lenyewe la unabii.

Niseme mapema ninachoamini: watu wengi wanakwama kwa sababu wamepokea mambo matatu kama furushi moja, yaani Sabato, mwaka 1844 na Ellen White. Wanadhani wakigusa kamba moja yote yataanguka. Historia haisemi hivyo.

Yalikotoka

William Miller alikuwa mkulima wa Low Hampton, jimbo la New York. Alipigana katika vita vya 1812 dhidi ya Waingereza, akaokoka mwaka 1816 na kuwa Mbatisti. Akisoma Biblia peke yake, alifika Danieli 8:14: "Hata nyakati za jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu, ndipo patakatifu patakapotakaswa." Kila siku akaihesabu kuwa mwaka. Mwanzo akauweka 457 KK, kwa amri ya mfalme Artashasta inayosimuliwa katika Ezra 7. Patakatifu akaelewa kuwa ni dunia, na kutakaswa kwake kuwa ni kurudi kwa Kristo.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tano anaiweza: 2300 toa 457 ni 1843. Lakini kati ya KK na BK hakuna mwaka sifuri, kwa hiyo kipindi kinasogea mwaka mmoja mbele, na hapo ndipo 1844 inapotoka. Kila hatua ya mnyororo huo (siku kuwa mwaka, amri ya Artashasta na si ya Koreshi, patakatifu kuwa dunia) ni uchaguzi wa msomaji, na ukibadilisha mmoja, tarehe au tukio linalotarajiwa linabadilika.

Miller alitaja kipindi kati ya 21 Machi 1843 na 21 Machi 1844. Kikapita. Agosti 1844, kwenye makambi ya Exeter, New Hampshire, Samuel Snow akatia mkazo tarehe kamili: 22 Oktoba, Siku ya Upatanisho kwa kalenda iliyohusishwa na Wayahudi Wakaraite. Wapo walioacha viazi shambani bila kuvuna. Siku ikapita, Kristo hakuja.

Waliobaki waligawanyika. Miller alikiri hadharani kwamba amekosea, akafa mwaka 1849 bila kupokea maelezo mapya yaliyofuata. Wengine walirudi walikotoka. Kundi dogo lilisema tarehe ni sahihi, tukio ndilo walilokosea. Hiram Edson wa Port Gibson, New York, akivuka shamba la mahindi asubuhi ya 23 Oktoba, alishikwa na wazo kwamba Kristo alikuwa ameingia patakatifu pa patakatifu mbinguni. Rafiki yake O. R. L. Crosier akalifanyia kazi kwa Biblia na kulichapisha mwaka 1846. Mafundisho ya hukumu ya upelelezi, yaani kwamba tangu 1844 kumbukumbu za waumini zinachunguzwa mbinguni, yalikua kutoka hapo.

Sabato ilipitia mlango mwingine kabisa. Rachel Oakes, mwanamke wa Kibatisti cha Siku ya Saba, aliifikisha kwa waumini wa Washington, New Hampshire. Joseph Bates, nahodha mstaafu wa meli, aliipata katika maandishi ya T. M. Preble ya mwaka 1845, akaandika kijitabu chake mwaka 1846. Ellen na mumewe James White waliisoma hoja ya Bates wakaanza kuitunza mwaka huohuo. Njozi ya Ellen iliyothibitisha Sabato ilifuata Aprili 1847.

Ellen mwenyewe alizaliwa mwaka 1827 Gorham, Maine. Akiwa na umri wa miaka 9 hivi alipigwa jiwe usoni na mwanafunzi mwenzake, na masomo yake hayakuendelea mbali. Njozi ya kwanza aliipata Desemba 1844 akiwa na miaka 17. Kanisa lilichagua jina mwaka 1860 na kuundwa rasmi Mei 1863 huko Battle Creek, Michigan, likiwa na waumini wapatao 3,500. Ellen alifariki mwaka 1915.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: tarehe ilitoka kwa Miller na Snow, patakatifu pa mbinguni kwa Edson na Crosier, Sabato kwa Wabatisti, na njozi zikaja kutia muhuri. Wamisionari walipofika milima ya Upare mwaka 1903 na Gendia, karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1906, mambo hayo yalikuwa yameshafungwa pamoja. Babu zetu waliyapokea yakiwa hivyo.

Vigezo

Nitapima misimamo yote mitatu kwa mambo matano: inaelezaje 22 Oktoba 1844, inasemaje kuhusu vyanzo vya maandishi, inafanya nini na maneno ambayo hayakutimia, inayasomaje matunda, na itakugharimu nini katika maisha. La kwanza na la tatu ndiyo mazito.

22 Oktoba 1844

Msimamo wa kwanza unasema unabii ulitimia mahali pasipoonekana kwa macho. Watetezi wake wanakumbusha kwamba hata wanafunzi wa Yesu walitarajia ufalme wa duniani wakavunjika moyo Ijumaa ile, na kosa lao halikuufanya ujumbe kuwa wa uongo. Wanasoma pia Ufunuo 10, kitabu kitamu mdomoni na kichungu tumboni. Hema la mbinguni limo katika Waebrania, hawakulibuni. Tatizo ni kwamba tukio lililohamishiwa mbinguni haliwezi kupimwa na mtu yeyote. Na Danieli 8 yenyewe inazungumza juu ya pembe ndogo inayokanyaga patakatifu. Kumbukumbu za dhambi za waumini hazitajwi pale.

Msimamo wa pili unashika kwamba Mungu alikuwepo kati ya watu wale waliovunjika moyo na kwamba hukumu ipo, ila hauifungi kwa tarehe. Aliyeusema kwa sauti kuliko wote ni Desmond Ford, mwanatheolojia wa Australia. Oktoba 1979 alitoa mhadhara katika Chuo cha Pacific Union, California, akisema hukumu ya upelelezi ya 1844 haipatikani katika Biblia. Kanisa lilimpa muda, akaandika kurasa 991, na Agosti 1980 wakakutana Glacier View, Colorado, kumsikiliza. Akavuliwa hati za uchungaji. Ford aliendelea kutunza Sabato na kumheshimu Ellen White mpaka alipofariki mwaka 2019. Maisha yake yanaonyesha kwamba furushi linaweza kufunguliwa na mtu akabaki na imani yake, na yanaonyesha pia bei ya kulifungua ukiwa mtumishi wa kanisa.

Msimamo wa tatu unamchukua Miller kwa neno lake: alikosea, basi. Wataalamu wengi wa Biblia wanaisoma Danieli 8 kuhusu Antioko Epifane, mfalme wa Siria aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK, likatakaswa mwaka 164 KK. Na kuna Mathayo 24:36: siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Udhaifu wa msimamo huu ni pale unapotumia 1844 kumaliza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kanisa lililoundwa mwaka 1863 halijatangaza tarehe nyingine ya kurudi kwa Kristo, na haki hiyo lipewe.

Kwa maoni yangu, kwenye kigezo hiki msimamo wa kwanza ndio wenye mzigo mzito kuliko yote. Anayeushika anapaswa kukubali mnyororo mzima wa tafsiri bila kiungo hata kimoja kukatika.

Vyanzo vya maandishi

Hapa ukweli wa msingi haubishaniwi tena. Ellen White alitumia vitabu vya waandishi wengine, mara nyingi bila kuwataja. Katika toleo la 1888 la kitabu chake Pambano Kuu alikiri katika dibaji kwamba ametumia maneno ya wanahistoria, na toleo la 1911 likaongeza marejeo. Konferensi Kuu yenyewe, yaani uongozi wa juu wa kanisa duniani, ilimpa Fred Veltman kazi ya kuchunguza sura 15 za kitabu chake cha maisha ya Kristo. Ripoti ilitoka mwaka 1988: kwa wastani, asilimia 31 hivi ya sentensi zilionyesha kiwango fulani cha kutegemea vyanzo.

Anayepokea dai lote hujibu kwamba Luka naye alitafuta habari kwa wengine, na kwamba mwaka 1981 mwanasheria Vincent Ramik aliona hakuvunja sheria ya hakimiliki ya wakati wake. Hujibu pia kwamba Mungu huvuvia mawazo, maneno ni ya mwandishi. Hoja ya Luka ina nguvu. Lakini Luka anasema waziwazi mwanzoni mwa injili yake kwamba amechunguza, ilhali waumini wengi wamelelewa wakiamini kwamba kila kilichoandikwa na Ellen alionyeshwa.

Anayechuja hapati shida kubwa, na ana mashahidi wa ndani. Mwaka 1919, miaka 4 tu baada ya Ellen kufariki, viongozi na walimu walikutana Washington, D.C., na A. G. Daniells, rais wa Konferensi Kuu aliyemfahamu kwa miaka mingi, akasema hakuwa na uvuvio wa neno kwa neno wala hakuwa mtu asiyekosea katika historia. Kumbukumbu za mkutano ule zilikaa kimya miongo kadhaa, zikachapishwa mwaka 1979. Inaniuma kwamba waumini hawakuambiwa mapema. Mgogoro mwingi wa miaka ya 1970 na 1980 usingetokea kama mimbari zingesema yale viongozi waliyokuwa wakisemezana wenyewe.

Anayekataa anauliza swali rahisi: kama maneno yalikuwa kwenye kitabu cha mtu mwingine, njozi ilikuwa ya nini? Swali ni la haki. Hata hivyo kunakili ni kosa la uandishi, na peke yake hakuamui kama mtu alipata karama au hakupata.

Maneno ambayo hayakutimia

Kumbukumbu la Torati 18:22 ni mstari unaomgusa kila anayejiita nabii: jambo lisipotimia, BWANA hakulinena. Ziko habari mbili ambazo kila msomaji wa suala hili anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni mlango uliofungwa. Baada ya Oktoba 1844 kundi lile liliamini kwamba mlango wa rehema umefungwa kwa ulimwengu. Simulizi ya njozi ya kwanza, kama ilivyochapishwa mwaka 1847, ina maneno kuhusu ulimwengu mwovu ambao Mungu ameukataa. Yalipochapishwa tena mwaka 1851, maneno hayo hayakuwemo. Wakosoaji wanasema njozi ilifundisha kosa kisha ikasafishwa. Ellen alijibu mwaka 1883: aliwahi kuamini hivyo pamoja na wenzake, lakini kabla ya njozi, na ni njozi zilizomsahihisha. Watetezi wanaongeza kwamba waliokataliwa ni wale walioukana ujumbe kwa kujua. Soma maandishi yote mawili mwenyewe, ya 1847 na ya 1851, uyaweke kando kwa kando, kabla ya kusoma maelezo ya upande wowote.

Ya pili ni ya mwaka 1856. Katika mkutano wa Battle Creek alisema alionyeshwa waliokuwepo: baadhi watakuwa chakula cha wadudu, baadhi watapatwa na mapigo saba ya mwisho, na baadhi watakuwa hai Yesu atakaporudi. Wote waliohudhuria wameshafariki. Msimamo wa kwanza unasema unabii wa namna hiyo una sharti, kama Yona alivyotangaza Ninawi itaangamizwa kwa siku arobaini na haikuangamizwa. Msimamo wa tatu unajibu kwamba Ninawi walitubu na kisa kimeandikwa, ila kauli ya 1856 haina sharti ndani yake. Wa pili huiweka kauli hiyo pamoja na matumaini ya watu waliokuwa na hakika kwamba mwisho u karibu, na hawajengi fundisho lolote juu yake. Kwangu, jibu la Yona linasaidia kwa sehemu tu.

Matunda

Hapa wakosoaji wengi huwa wachoyo. Miaka ya 1860 Ellen White alihimiza maji safi, hewa, mboga na kuacha tumbaku, na mwaka 1866 taasisi ya afya ilifunguliwa Battle Creek. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Loma Linda kwa Waadventista wa California ulionyesha wanaume wakiishi miaka 7 hivi zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4 hivi zaidi. Huku kwetu hospitali na shule za kanisa hilo zinahudumia watu wa dini zote.

Mwanahistoria Ronald Numbers alionyesha mwaka 1976 kwamba mafundisho hayo ya afya yalikuwa tayari yakihubiriwa na warekebishaji wengine wa Marekani, kama Sylvester Graham na daktari James Jackson. Anayekataa unabii anaona hapo ushahidi wake. Anayepokea anasema Mungu alimwongoza kuchagua ngano na kuacha makapi. Mti mwema huzaa matunda mema, ndiyo, lakini matunda mema pia hupatikana kwa watu wasiodai unabii. Na yapo machungu: watu waliopigwa kwa nukuu kuhusu chakula na mavazi mpaka wakaichukia ibada.

Gharama

Kwa anayepokea yote, maisha ya kanisani ni mepesi mpaka siku shaka itakapobisha hodi. Akiwa amefundishwa kwamba yote husimama au huanguka pamoja, anaweza kupoteza hata imani kwa Kristo kwa sababu ya aya moja ya 1856. Anayechuja hubaki na jamaa, kwaya na makambi, ila huishi akipima maneno, hasa akiwa mzee wa kanisa au mwalimu wa lesoni. Fundisho la 18 kati ya mafundisho 28 ya msingi linamtaja Ellen White kwa jina na kusema maandishi yake yana mamlaka ya kinabii, ingawa linasema pia Biblia ndiyo kipimo. Anayekataa anaweza kupoteza ushirika, pengine kazi, na mezani kwa wazazi kukawa na ukimya. Kwa upande wake hana tena la kutetea asiloliamini.

Kulingana na hali yako

Kama unaelekea ubatizo na Sabato ndiyo iliyokuvuta, mwombe mchungaji akusomee fundisho la 18 na la 24, linalohusu patakatifu, kabla ya siku ya maji. Mwambie wazi kipi umekiamini na kipi bado. Mchungaji mwema atakupa muda; anayekuharakisha, mwombe muda mwenyewe.

Kama umekulia humo na umetikiswa na orodha za mtandaoni, usiamue wiki ileile. Anza na habari mbili nilizotaja, kisha soma 1 Wathesalonike 5:20-21, inayokataza kutweza unabii na kuagiza kujaribu mambo yote kwa pumzi moja. Wengi wa aina yako hupata nafasi ya kupumua katika msimamo wa pili. Wengine hurudi kwenye wa kwanza wakiwa na macho wazi zaidi, na hilo ni jambo la heshima.

Kama umeshafikia kukataa unabii lakini Sabato imo moyoni mwako, huhitaji kuiacha. Wabatisti wa Siku ya Saba waliitunza kabla ya Miller kuzaliwa. Kanisa la Mungu la Siku ya Saba lilitokana na waumini wa Michigan na Iowa walioshika Sabato na kuzikataa njozi. Na kama unaamini kurudi kwa Kristo bila 1844 wala Sabato, Wakristo wa Advent wa Marekani ni wazao wa Miller waliokwenda njia hiyo.

Kama umeajiriwa na taasisi ya kanisa na una mashaka juu ya 1844, zungumza kwanza na mwenzi wako wa ndoa, kisha na mtu mmoja mwenye busara nje ya uongozi, kabla ya kuandika chochote hadharani. Tafuta riziki mbadala mapema.

Na kama unaoa au kuolewa katika familia ya Wasabato, hulazimiki kumaliza suala la Ellen White kabla ya harusi. Yanayohitaji kumalizwa ni haya: Ijumaa jioni nyumba itakuwaje, watoto watasali wapi, mezani kutakuwa na nini, na nani atawaambia wakwe. Kaeni wawili mkubaliane, kisha kila mmoja aende kwa wazee wake akiwa na jibu moja.